Kiuno cha Mama Mdogo Aika

Chumba cha chini cha nyumba yetu ya Coon Rapids, Minnesota, kilinuka wanga. Wanga wa kweli, ule ambao mtu anauchemsha jikoni mpaka uwe uji mwepesi, anachovya humo nguo nyeupe, anazikamua, kisha anazipiga pasi zingali na unyevunyevu. Mvuke ulipopanda, harufu hiyo ilichanganyika na ubaridi wa zege na sabuni ya kufulia, ikashika mpaka kwenye nywele zangu, na shuleni wenzangu waliniuliza kwa nini ninanuka mkate mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yangu alikuwa ameshanifundisha kwamba watu wengi duniani hawajui wanachokisema kuhusu nguo, na kwamba si kazi yetu kuwasaidia.

Mama alikuwa mtu wa maabara. Alitoka Machame akiwa binti wa chuo, akaja kusoma, akabaki. Siku za kazi alipima damu na mikojo ya watu hospitalini. Siku zake za mapumziko aliwapa wanawake wa Kiingereza waliokufa zamani, wale wa miaka ambayo mfalme wao alirukwa na akili na mwanawe akashika nchi kwa niaba yake. Waingereza wanaiita enzi hiyo Rijensi. Habari za wafalme kwake zilikuwa upuuzi. Alichotaka ni magauni. Meupe, mepesi, ya melimeli iliyosafirishwa kutoka Bengali, yenye kiuno kilichopanda mpaka chini ya matiti, halafu kitambaa kinaachwa kiteremke chenyewe hadi kwenye vifundo vya miguu. Aliyasoma kwa bidii ambayo sikumwona nayo kanisani. Alikwenda makumbusho ya Minneapolis kutazama jinsi bega lilivyounganishwa na mkono, akasimama mbele ya kioo mpaka mlinzi akaanza kumtazama yeye. Kisha alirudi nyumbani, akakata merikani kwa ajili ya jaribio, akaishona kwa mkono, akaifumua, akakata upya. Mtu alipomuuliza kwa nini Mchaga ahangaike na nguo za watu waliomiliki watumwa, alijibu kwamba anapenda mshono, hajasema anawapenda wenye nguo, akaendelea kupiga pasi.

Mara kwa mara alinichukua kwenda Saint Paul, kwenye mikutano ya kundi la wapenzi wa mavazi hayo. Wanawake wale waliitana mabibi. Walikunja kidole kidogo wakinywa chai ya pakiti, wakazungumzia puani, na chini ya magauni yao walivaa raba. Magauni yenyewe yalikuwa na zipu mgongoni. Zipu, katika nguo ya watu waliozikwa kabla mtu yeyote hajaota kitu kinachoitwa zipu. Kitambaa chao kilikuwa kile cha mapazia, kinachong'aa na kutoa cheche ukikigusa wakati wa baridi. Mmoja wao, aliyevaa kofia ya maua, alimuuliza Mama siku ya kwanza kama asingejisikia huru zaidi akija na vazi la kwao. Mama alimkagua kuanzia kofia hadi raba, akatabasamu vizuri kabisa, akaniambia kwa Kiswahili, "Hata maua yake ni plastiki." Halafu akavua koti la baridi. Ndani alikuwa na gauni la pamba, kila pindo limeshonwa kwa mkono, mgongo umekatwa mwembamba kama inavyotakiwa, na yule mwanamke hakuuliza kitu tena. Nilicheka njia nzima ya kurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya utoto wangu, kuwadharau watu nikiwa nimekaa karibu na mama yangu.

Mama mdogo Aika hakuwa hivyo. Alikuwa kitinda mimba wa kwao, na tangu alipokuja kutoka nyumbani aliishi nasi. Alifanya kazi katika ghala kubwa la Shakopee, akivuka miji yote miwili, Minneapolis na Saint Paul, kwa gari na kunywa chai yake kwenye foleni, na jioni alirudi na miguu iliyovimba, akaiweka juu ya kiti, akaanza kutuchekesha. Alikuwa mtu pekee katika ukoo wetu asiyemdharau mtu. Kwa sababu hiyo Mama alimwona mjinga kidogo, na mimi nikamfuata Mama. Alikuwa amechumbiwa na Godlisten, kijana wa kompyuta aliyepanga Apple Valley, mwenye mashati safi na maneno machache, na harusi ilipangwa kufungwa kiangazi. Mapema mwaka ule, theluji ikiwa imebaki malundo meusi pembezoni mwa barabara, alishuka chumba cha chini, akashika ukingo wa gauni jeupe lililokuwa limetundikwa, akasema anataka kuolewa amevaa gauni la namna ile. Mama aligeuka taratibu, pini zikiwa mdomoni. Sijamwona tena akifurahi vile. Kwa miaka yote hiyo watu wake mwenyewe walimwona kama mtu mwenye kaugonjwa fulani kasikodhuru, na sasa mdogo wake anamwomba amshonee.

Watanzania wawili wakikutana Minnesota husalimiana. Akitokea wa tatu huunda kamati. Kamati ya harusi ya mama mdogo ilikuwa na mwenyekiti, Mama Gloria, mwanamke wa usharika wetu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, aliyejua sana kuendesha shughuli za wenzake na hakujua kuziacha. Kazi ya kwanza ya kamati, kabla ya ukumbi na kabla ya chakula, ilikuwa sare. Wanawake wote wavae kitambaa kimoja, mshono mmoja, ili picha zikienda nyumbani watu waone kwamba huku tuko wengi na tunapendana. Walichagua satini ya rangi ya pichi. Ilikuwa satini ya kuteleza, ambayo ukiikalia inabaki na alama ya kiti, na ukitoka jasho inaitangaza habari hiyo kwapani. Walikutana sebuleni mwa Mama Gloria kuishika na kuisifu. "Jamani, deadline ya kuconfirm sare ni Sunday," Mama Gloria alisema, "mtu asije akaleta ujuaji wake hapa." Alimtazama Mama. Mama alikuwa akisugua kipande cha kitambaa kati ya vidole kama anayepima samaki aliyekaa sana, akasema tu kwamba yeye ana la kwake la kushona.

Alishona mawili. La harusi lilikuwa melimeli nyeupe, na la pili lilikuwa la mchana, pamba yenye vijiua vya buluu, ambalo mama mdogo angelivaa kwenye kitchen party. Ndani ya magauni hayo havivaliwi vitu vya dukani. Alimshonea shimizi, na juu ya shimizi kizibao kifupi cha kunyanyua kifua, chenye kijiti cha mbao kilichopitishwa katikati ili mwili usimame wima. Kijiti hicho Mama alikichonga na kukisugua kwa msasa mwenyewe kwenye gereji, akiwa amevaa miwani ya maabara. Nilikuwa mshika futi na mwokota pini. Nilimwona mama mdogo akibadilika mbele ya kioo. Mabega yalirudi nyuma, shingo ikawa ndefu, na ule mwendo wake wa mtu wa kusukuma mikokoteni ukatoweka. "Dada," alisema kwa sauti ndogo, "kumbe mimi ni mrefu." Mama aliendelea kukagua pindo.

Kitchen party ilifanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Asiyejua shughuli hii na afahamu kwamba ni sherehe ya wanawake watupu, ambako bibi harusi huletewa masufuria na kupewa mafunzo ya ndoa na watu ambao nusu yao hawasemezani na waume zao. Wanawake walijaa, satini ya pichi kutoka ukuta hadi ukuta. Mama mdogo aliingia na gauni lake la vijiua vya buluu. Vigelegele vilianza vikiwa vimechelewa kidogo. Mama Gloria alimkumbatia kwa nguvu mbele ya wote, na nilimwona akisita, mkono wake umetulia pale kifuani kwa mama mdogo, kama daktari. Baadaye nilitumwa jikoni kuleta soda. Mama Gloria alikuwa kule na mwenzake mmoja wakipakua pilau, na watu wazima wa kwetu hawajawahi kuamini kwamba mtoto aliyezaliwa Amerika ana masikio ya Kiswahili.

"Amejifunga," Mama Gloria alisema. "Nimemshika mwenyewe. Kuna kitu kigumu pale kama ubao."

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Utajuaje, na gauni lote lile? Wewe ulivaa gauni la kiuno juu lini, kama si ulipokuwa na Kelvin tumboni?"

Sijapata kusikia ujinga uliojipanga vizuri kiasi hicho. Kila kitu walichokiona kilikuwa kweli, na yote waliyoyatoa humo yalikuwa uongo. Nilirudi na soda, nikamwambia Mama sikioni, nikitegemea tutacheka kama tulivyowacheka wa Saint Paul. Mama hakucheka. Aliweka chupa mezani bila kuifungua, akaanza kumtafuta mdogo wake kwa macho.

Na hakukuwa na la kucheka. Katika usharika wetu, kama kule nyumbani, bibi harusi mwenye mimba hafungi ndoa ya shela na maandamano. Anatubu kwanza mbele ya watu, kisha anafungishwa ndoa kimya kimya kwa gauni la kawaida, na jina lake linabaki na doa. Huko nyumbani siku hizi wachungaji wengine wanafumba jicho moja, lakini sisi wa Minnesota tulibeba masharti yote kwenye sanduku na hatujawahi kuyapunguza. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa Machame tangu kabla Mama hajazaliwa, na alikuwa ndiye mtu anayekaa na hao wanaotubu. Ndani ya wiki habari zilikuwa zimefika kwake kwa simu za watu. Alimpigia Mama, siyo mama mdogo. Hakuuliza kitu kwa jina lake. Aliuliza hali ya hewa, akauliza kazi, halafu akauliza kama mchungaji bado anaruhusu shela, na Mama akasimama katikati ya jiko akimjibu baba yake kwa Kichaga kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya binti anayeomba.

Godlisten naye alitoa mchango wake. Jumapili baada ya ibada alimsubiri mama mdogo kwenye parking, nami nikiwa kiti cha nyuma na dirisha limefunguliwa. Alicheza na funguo muda mrefu. "Babe," alisema mwishowe, "lakini si kuna ukweli?" Ilinichukua miaka kuelewa uzito wa swali lile. Duniani kote hapakuwa na mtu mwingine aliyepaswa kulijua jibu bila kuuliza, na yeye ndiye aliyeuliza. Mama mdogo alimpita. Aliingia ndani ya gari, akafunga mkanda, akaendesha mpaka nyumbani chini ya mwendo unaoruhusiwa, magari yakimpigia honi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Mama Gloria alikuja na yule mwenzake wa jikoni. Walileta sufuria ya mtori. Mtori kwetu ni chakula cha kila mtu, lakini hakuna Mchaga asiyejua ndicho chakula anachopewa mwanamke aliyejifungua, na walikitua mezani na kukifunua makusudi, mvuke wa ndizi na nyama ukajaa sebuleni, kisha wakamtazama mama mdogo usoni waone kama atakunja pua. Niliwaamkia shikamoo kwa mdomo usiofunguka vizuri. Waliomba sala ndefu. Waliulizia shift za Mama, wakalaumu bei za mafuta ya gari, wakamsifu Bwana kwa ajili ya kiangazi. Halafu Mama Gloria akakunja mikono juu ya pochi yake na kusema wametumwa na upendo tu, kwamba maneno yamekuwa mengi, na kwamba ni heri kujua mapema ili kamati ijipange.

Mama alishuka chini, akapanda na vitabu vyake, na gauni jeupe mkononi. Akawaeleza. Alieleza jinsi kiuno kilivyopanda Ulaya baada ya watu wa Ufaransa kuwaua wafalme wao, jinsi wanawake walivyotaka kufanana na sanamu za Wayunani, jinsi kijiti kinavyokaa na kwa nini. Alifungua kizibao na kuwaonyesha njia ya kijiti. Alieleza vizuri. Wale wawili walimsikiliza kama watu wanaosubiri tangazo la biashara liishe.

"Mama Ndeshi," Mama Gloria alisema, akimwita Mama kwa jina langu, "hizo ni habari za Wazungu. Sisi tunauliza habari za Aika. Na wewe si ndiyo uko lab? Mpime tu, yaishe."

"Simpimi mdogo wangu kwa sababu ya gauni," Mama alisema.

"Basi watu wataelewa wanavyoelewa."

Mama mdogo, ambaye muda wote alikuwa amekaa na viganja katikati ya magoti, alinyanyuka, akachukua funguo za gari. Duka la dawa lilikuwa karibu. Wageni walimsubiri. Yule mwenzi wa Mama Gloria alijipakulia mtori waliouleta wao wenyewe na kuula. Mama mdogo aliporudi alipita moja kwa moja chooni na kiboksi cha kipimo cha mimba mkononi, na Mama Gloria akainuka, akaenda kusimama mlangoni pa choo. Alisimama pale kweli, mtu mzima anayewahubiria wanawake wa usharika, ameegemea ukuta wetu na pochi yake, anasikiliza. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Mama alikuwa dirishani, ametupa mgongo, na gauni bado liko mkononi.

Mama mdogo alitoka, akakiweka kile kipimo mezani, kando ya sufuria. Mama Gloria akafungua pochi, akatoa miwani ya kusomea, akaivaa, akainama. Alikisoma kwa muda. "Bwana asifiwe," alisema, na mwenzake akaitikia amina na kijiko mdomoni. Kisha akakunja miwani na kusema kwamba kwa kuwa Mungu ametenda na mimba hakuna, sasa hakuna sababu ya kuwachanganya watu tena, bibi harusi atafute gauni lenye kiuno, ili kila mwenye macho ajionee. Mlangoni alikumbuka kumwambia Mama amrudishie sufuria yake Jumapili.

Walipoondoka nilidhani kitakachofuata ni kuwasema, na nilikuwa na maneno tayari. Mama mdogo alikaa kwenye kochi. Alimwomba Mama ashushe kiuno cha gauni. Kidogo tu, alisema, kifike panapoonekana tumbo, baba yao aone kwenye picha. Mama alilitandaza gauni magotini mwake, akasema haiwezekani. Angeweza kumshonea jingine lolote analotaka. Hili likishushwa kiuno si Rijensi tena, litakuwa nguo tu, na kitambaa chenyewe kimeshakatwa. Aliyasema hayo kwa upole, kama anayempa mtu majibu mabaya ya damu.

"Dada," mama mdogo alisema, "anayeolewa ni mimi au gauni?"

Mama alianza kulikunja gauni, ukingo kwa ukingo. Hapo ndipo nilipomdharau mama yangu kwa mara ya kwanza, na nilishangaa kuona jinsi dharau ile ilivyonijia bila shida, maana nilikuwa nimeizoea. Mwanamke yule alijua kila mshono uliowahi kufa Uingereza na hakuona kilichokuwa kinakufa kwenye kochi lake. Baada ya siku chache alishuka na mkasi, nikasikia kitambaa kikifumuliwa, lakini alikuwa amechelewa. Mama mdogo alikuwa ameshakodi gauni la satini dukani.

Gauni hilo lilifungwa kwa kamba mgongoni, na Mama Gloria mwenyewe ndiye aliyezivuta asubuhi ya harusi, goti lake limekita kwenye kiti, mpaka mama mdogo akashindwa kumeza maji. Kiuno kilionekana. Kilionekana mpaka mwisho wa kanisa. Alifungishwa ndoa kwa shela na maandamano, picha zikaenda Machame, Babu akapiga simu kushukuru. Kwenye sherehe hakula hata punje ya wali, na alipocheka alicheka kwa juujuu kwa sababu pumzi haikuwa na pa kwenda. Godlisten alizunguka meza baada ya meza akiwa amemshika kiuno kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshinda kesi. Mama alikuja amevaa sare ya pichi. Alikaa mstari wa mbele akiwa ameloa kwapani kama wengine wote, na watu wakamsifu kwamba amependeza, ameacha ujuaji.

Miaka imepita mingi tangu kiangazi kile. Nina kazi na nyumba yangu Minneapolis, na ile dharau ya utotoni niliyoipata bure sasa naitunza kwa makusudi, kama mtu anayetunza kisu. Mama mdogo Aika bado yuko Apple Valley na Godlisten. Hawajapata mtoto. Walikwenda hospitali hii na ile, na madaktari hawakuona kinachozuia. Mwaka wa kwanza wanawake wa usharika walimuuliza kwa kutania, mwaka wa pili wakauliza kwa kunong'ona, kisha wakaanza kumwombea kwa jina kwenye mikusanyiko bila kumwomba ruhusa. Mama Gloria alimletea majani ya kuchemsha kutoka Arusha. Wote walikuwa wamesahau siku ya sufuria ya mtori. Mimi niliwauliza wawili watatu kwa nyakati tofauti, na walinitazama kwa mshangao safi wa watu wasio na deni.

Kati ya mama yangu na mdogo wake palikuwa na ukimya mrefu, salamu za simu tu. Ulivyokwisha sikuona. Nilikwenda Coon Rapids siku moja ya baridi na kuwakuta wote wawili chumba cha chini, harufu ile ile ya wanga, mama mdogo ameinamia meza na mkasi, Mama amekaa kando na hasemi kitu hata alipoona mkono wa gauni unakatwa vibaya. Nilijua gharama ya kukaa kimya vile kwa mtu kama Mama. Tangu hapo hushona pamoja, na huenda Saint Paul pamoja, ambako wale mabibi wa zipu wamezeeka na raba zao.

Msimu wa majani kupukutika uliopita Mama Gloria alifanya sherehe ya kuzaliwa. Runinga ilikuwa imemfikishia habari za malkia wa enzi ya Rijensi, kwa hiyo kadi ilimtaka kila mgeni aje kifalme. Walikuja. Walikuja na sketi zilizotunishwa kwa pete za waya, viuno vimebanwa mpaka macho yanatoka, mataji ya plastiki, wamekosea miaka kwa kiasi cha nusu karne na hakuna aliyehangaika. Mama mdogo Aika aliingia na gauni la pamba ya kijani iliyoiva, kiuno chini ya matiti, ambalo alilikata na kulishona mwenyewe. Alikuwa mrefu. Mama Gloria alimwona kutoka meza kuu, akasimama, akavuka ukumbi wote na taji lake, na machozi tayari yanamlengalenga. Hakuuliza. Aliweka kiganja tumboni kwa mama mdogo, akafumba macho, na akaanza kuomba kwa sauti, akimshukuru Mungu aliyelikumbuka tumbo hili, na wanawake wakasogea na kunyoosha mikono, mmoja akaachia kigelegele.

Nilitaka kwenda kuutoa ule mkono. Mama alinishika nguo. Mama mdogo alisimama wima, akamwacha aombe mpaka mwisho, akasema amina pamoja na wengine.

"Ni mshono, mama," alisema, kwa adabu yote. "Hata siku ile ulikuwa mshono."

Nilimtazama Mama Gloria usoni kutafuta aibu. Sikuiona. Niliona mtu anayetafuta pa kuweka mkono wake.